Bei ya Kuingilia: Kununua Kompyuta ya Jina Kubwa kwa Fedha Ndogo, Mbeya na Iringa

Vyuo vinapofunguliwa, kati ya Oktoba na Novemba, maduka ya kompyuta ya Mwanjelwa na Uhindini jijini Mbeya, na yale ya Miyomboni mjini Iringa, hupokea wazazi walioongozana na vijana wao. Kijana amepata nafasi MUST, TEKU, Mkwawa, RUCU au Chuo Kikuu cha Iringa. Mzazi ameuza mahindi au viazi, au amekopa SACCOS. Wote wawili wanataka laptopu yenye jina, iwe Apple, HP, Dell au Lenovo, na wote wawili wanauliza ile ya bei ya chini kabisa yenye jina hilo.

Fedha nyingi za familia za Nyanda za Juu Kusini hupotelea hapo, na mara nyingi si kwa sababu muuzaji ni mwizi. Hupotea kwa sababu mnunuzi anaiona bei lakini haoni faida imekaa wapi. Kompyuta ya bei nafuu kutoka kampuni ya bei ghali si sadaka. Ama kuna kitu kimepunguzwa ndani yake, ama kampuni imeiachia faida pale kwenye bei ikaenda kuichukua mahali pengine. Anayejua faida ilikojificha ndiye anayeweza kubishana bei kwa maana, na ndiye anayejua wakati wa kuondoka dukani mikono mitupu.

Faida ya mwenye jina

Tuanze na Apple, kwa kuwa kampuni hiyo hutangaza hesabu zake wazi. Katika mwaka wake wa fedha ulioishia Septemba 2024, kila dola 100 alizolipwa kwa vifaa, yaani simu, kompyuta, saa na vinginevyo, zilimwachia takriban dola 37 baada ya kutoa gharama ya kuvitengeneza. Kwenye huduma, kama nafasi ya kuhifadhi mafaili mtandaoni na mauzo ya programu, kila dola 100 zilimwachia takriban dola 74. Hiyo ni faida ghafi. Bado hajalipa watafiti, matangazo wala kodi. Lenovo, anayeuza kompyuta nyingi kuliko yeyote duniani, kwa kampuni yake nzima alibakiwa katika kipindi hicho na dola 16 au 17 tu katika kila 100.

Tofauti hiyo inaeleza mambo mengi. Kampuni iliyozoea kubakiwa na 37 haishuki kirahisi kwenda kugombea wateja wa 17. Ikishuka, jua imeshapata njia ya kuilinda sehemu yake.

Njia ya kwanza ni kuuza kitu kilichokwisha kurudisha gharama zake. MacBook Air yenye prosesa ya M1 ilitoka Novemba 2020 kwa dola 999. Machi 2024 Apple iliiondoa kwenye maduka yake yenyewe, na mwezi huohuo maduka ya Walmart ya Marekani yakaanza kuiuza mpya kwa dola 699. Baadaye bei ilishuka zaidi. Watu wengi walishangaa, lakini hakukuwa na muujiza. Usanifu wa prosesa ile ulikuwa umelipiwa na wanunuzi wa miaka mitatu iliyotangulia. Umbo lake lilirithiwa kutoka Air za mwaka 2018, kwa hiyo mitambo ya kulitengeneza ilikuwepo tayari. Na iliuzwa kwa kipimo kimoja tu: RAM ya GB 8 na hifadhi ya GB 256. Mnunuzi alipunguziwa dola 300, na kiwanda bado kilikuwa na nafasi ya kupumua.

Njia ya pili ni kuweka bei ya kuingilia iliyo chini, halafu kuipandisha faida kwenye ngazi inayofuata. Kwa miaka mingi Apple ilitoza dola 200 kumtoa mteja kwenye hifadhi ya GB 256 hadi GB 512. Kwa shilingi 2,500 kwa dola, hizo ni shilingi 500,000 kwa GB 256 za ziada, wakati hifadhi kama hiyo kwa kompyuta ya kawaida hununuliwa kwa sehemu ndogo ya fedha hiyo. Na kwa kuwa hifadhi na RAM za MacBook Air za kizazi hiki zimeunganishwa moja kwa moja kwenye ubao mkuu, huwezi kununua ndogo leo halafu ukaongezewa na fundi mwakani. Unachokichukua siku ya kwanza ndicho utakachokaa nacho mpaka mwisho. Ndiyo maana nasema MacBook ya chini kabisa ipewe heshima yake kama kompyuta, lakini bei yake isihesabiwe peke yake.

Njia ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: kuubakiza mng'ao wa nje na kukata ndani. Oktoba 2020 Microsoft ilitoa Surface Laptop Go kwa takriban dola 550. Kwa nje ilikuwa nzuri kweli. Ndani, ile ya bei hiyo ilikuwa na RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64 ya aina ya eMMC, ambayo ni ya polepole kuliko SSD. Windows na masasisho yake vikishaingia humo, nafasi inayobaki kwa kazi za mwanafunzi ni finyu mno.

Njia hii ya tatu ndiyo inayotugusa zaidi Mbeya na Iringa, kwa sababu HP, Dell na Lenovo nao wanayo. Nembo ya HP iliyo kwenye EliteBook ndiyo hiyohiyo iliyo kwenye HP Stream. EliteBook ilitengenezwa kwa ajili ya mashirika na mpya yake huuzwa zaidi ya dola elfu moja. Stream ni kifaa chepesi chenye RAM ya GB 4 na eMMC. Hadi mwaka 2025 Dell alikuwa na Latitude na Inspiron. Lenovo ana ThinkPad na ana IdeaPad. Jina kubwa limepandwa juu ya vitu viwili tofauti kabisa, na muuzaji anayekwambia "hii ni HP mpya, original, iko kwenye boksi" hajakudanganya. Amekwambia tu kitu ambacho hakikusaidii kuamua.

Bei inavyopanda kutoka Dubai hadi Mwanjelwa

Kompyuta nyingi za jina kubwa zinazouzwa kwa bei ya kawaida katika mikoa yetu zimeshatumika. Mashirika ya Ulaya na Marekani hukodi au hununua kompyuta kwa maelfu, hubadilisha baada ya miaka mitatu au minne, na zile za zamani huuzwa kwa mafungu. Wakala huzipanga kwa madaraja, A, B na C, kwa kuangalia mikwaruzo, kioo na betri. Nyingi hupita Dubai na Sharjah, zikaja Kariakoo, kisha zikapanda mabasi: kilomita 500 hivi hadi Iringa, kupitia Kitonga, na karibu 830 hadi Mbeya.

Hebu tufanye hesabu moja. Tarakimu hizi ni za kufundishia, si bei ya duka fulani, lakini ukizielewa utaweza kuweka za kwako.

Kompyuta ya daraja A inanunuliwa Dubai kwa dola 160. Kwa dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni 400,000. Usafiri na bima tuseme 20,000. Ushuru wa forodha kwa kompyuta katika Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 0, jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba bei imepanda kwa sababu ya "ushuru". Kinachotozwa ni tozo ndogondogo za bandarini na za reli, tuseme 10,000 kwa jumla, na VAT ya asilimia 18. Asilimia 18 ya 430,000 ni 77,400. Mzigo umefika Dar es Salaam ukiwa na gharama ya 507,400.

Muuzaji wa jumla Kariakoo anauachia kwa 540,000. Mwenye duka wa Mbeya analipia basi, anaisafisha, ananunua chaja nzuri badala ya ile mbovu iliyokuja nayo. Tuseme anaongeza 15,000. Imemfikia kwa 555,000. Anaiweka mezani kwa 640,000.

Pengo lake ni 85,000. Hapa wafanyabiashara na wateja hubishana bila kuelewana, kwa sababu kila mmoja anagawa kwa namba yake. Muuzaji akisema anapata asilimia 15, amegawa 85,000 kwa mtaji wake wa 555,000. Ukigawa kwa bei aliyouzia, 640,000, unapata asilimia 13. Pengo ni lilelile. Ukitaka kulinganisha na zile dola 37 za Apple au 17 za Lenovo, tumia hesabu ya pili, kwa kuwa kampuni hizo hupima faida ndani ya bei ya kuuzia.

Kati ya hizo 85,000 kuna pango, umeme, leseni, kodi na posho ya kijana anayekaa dukani. Kuna pia kompyuta zinazorudi. Akiuza 20, pengo lake lote ni 1,700,000. Mteja mmoja akirudisha mashine isiyotengenezeka na kurudishiwa 640,000 zake, zinabaki 1,060,000. Kompyuta moja mbovu imekula zaidi ya theluthi ya faida ghafi ya 20. Nimeiweka hesabu hii hapa makusudi, kwa sababu inamwambia mnunuzi kitu kikubwa: waranti ina thamani ya fedha. Muuzaji anayekupunguzia 50,000 na kukwambia "ukitoka mlangoni basi" hajakupendelea. Amekuuzia hatari yake kwa 50,000.

Sasa linganisha na kompyuta mpya. Apple haina duka lake lenyewe popote barani Afrika, kwa hiyo MacBook inayofika Iringa imepita mikononi mwa watu. Chukua MacBook Air ya dola 999, bei iliyotangazwa Marekani kwa ile ya M4 mwaka 2025. Kwa 2,500 ni 2,497,500. Ongeza VAT ya asilimia 18, ambayo ni 449,550, unapata 2,947,050 kabla mtu yeyote hajalipia usafiri wala kupata senti ya faida. Waagizaji wakubwa hununua chini ya bei ya rejareja, na Marekani kuna misimu ya punguzo, kwa hiyo bei halisi inaweza kushuka chini ya hapo. Lakini mtu akikuletea "MacBook ya M4, mpya, haijafunguliwa" kwa 1,500,000, hesabu haikubali. Ama si mpya, ama si hiyo, ama mwenyewe anaitafuta.

Hesabu hii ya sakafu ifanye kabla ya kutoka nyumbani. Tafuta bei ya rejareja ya Marekani ya kompyuta mpya unayoitaka, kwa dola, zidisha kwa bei ya dola ya siku hiyo, zidisha kwa 1.18. Bei iliyo juu kidogo ya hapo ni ya haki. Bei iliyo chini sana inahitaji maelezo, na maelezo hayo yawe ya maandishi.

Ubishane nini

Kwenye kompyuta mpya nafasi ya kupunguziwa ni ndogo, kwa sababu kila duka linajua bei ya jirani yake na pengo ni jembamba. Kwenye iliyotumika nafasi ni kubwa zaidi, kwa kuwa hakuna bei moja inayojulikana. Mashine mbili za namba moja zinaweza kutofautiana kwa betri, kioo na RAM, na muuzaji hucheza humo.

Ushauri wangu ni kwamba usimalizie nguvu zako kwenye kushusha bei. Omba vitu ambavyo kwake ni nafuu na kwako ni ghali. RAM ya ziada ni mojawapo: HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490 na Lenovo ThinkPad T480 zote zina nafasi mbili za RAM, na muuzaji mwenye sanduku la vipuri anaweza kukuongezea kwa gharama ndogo kuliko utakayotozwa wewe mtaani. Chaja halisi ni kingine. Waranti ya maandishi ya miezi mitatu ni cha tatu, na ndicho ningekipa kipaumbele.

Angalia pia faida ya pembeni. Kama Apple anavyorudisha yake kwenye hifadhi na huduma, ndivyo duka linavyorudisha kwenye begi, mausi, programu za kuzuia virusi na "kupiga Windows". Kompyuta ikishuka kwa 30,000 halafu begi na programu zikapanda kwa 45,000, hujapunguziwa kitu. Uliza bei ya kompyuta peke yake, mpaka mwisho, ndipo uzungumzie vingine. Kompyuta ya jina kubwa iliyotoka kwenye ofisi mara nyingi ina leseni yake ya Windows ndani. Huna sababu ya kuilipia mara ya pili.

Wanaouza kwa awamu wana pengo la aina nyingine. Ukiambiwa ulipe 100,000 kwa miezi tisa kwa kompyuta ya 700,000, umelipa 200,000 za kusubiriwa. Kama SACCOS yako au kikundi cha VICOBA kinaweza kukupa 700,000 kwa riba iliyo chini ya hapo, kopa huko ukanunue taslimu.

Ukague nini kabla hujatoa fedha

Kwa kompyuta za Windows, anza na namba ya prosesa. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, isipokuwa chache sana. Kizazi kinasomwa kwenye tarakimu za mwanzo baada ya kistari: i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, i5-10210U ni cha 10. Hii ina maana EliteBook 840 G3 na ThinkPad T470, mashine nzuri zilizojaa sokoni, zimeachwa nje, wakati 840 G5 na T480 zenye prosesa ya kizazi cha 8 zimo. Zinafanana sana kwa macho. Kama zinauzwa kwa bei inayokaribiana, muuzaji anakumalizia mzigo uliokwama.

Ukiiwasha, fungua dirisha la amri, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua ripoti inayotoka. Itakuonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Betri iliyobakiwa na nusu iingize kwenye bei, kwani umeme ukikatika Uyole au Kihesa ndipo utakapoijua. Gusa kila herufi ya kibodi pia. Mashine zilizotoka Ujerumani au Ufaransa huwa na mpangilio tofauti wa herufi, na stika zilizobandikwa juu huchubuka.

Kwa MacBook iliyotumika hatari ni nyingine, na ni kubwa. Kompyuta inaweza kuwa imefungwa kwa akaunti ya mwenye nayo wa kwanza, au ikawa imeandikishwa chini ya usimamizi wa kampuni iliyoitoa. Hali zote mbili hazionekani ukiikuta tayari imewashwa na inacheza muziki. Huonekana pale inapofutwa na kuanzishwa upya ikiwa na intaneti. Kwa hiyo sema hivi bila aibu: "Kaka, naomba tuifute, tuiunganishe na intaneti ya simu yangu, tuianzishe hapahapa. Ikifika mwisho bila kudai akaunti ya mtu wala jina la kampuni, nalipa." Muuzaji mwaminifu atakubali, kwa kuwa naye hataki irudi. Anayesema "dada, nitakufanyia kesho, acha advansi kwanza," muachie kompyuta yake.

Kisha angalia ina prosesa gani. Juni 2025 Apple ilitangaza kwamba macOS Tahoe ndilo toleo la mwisho litakalokubali Mac za Intel, na hakuna MacBook Air hata moja ya Intel iliyoingia kwenye orodha ya Tahoe. Air ya mwaka 2017, ambayo bado inazunguka kwenye maduka yetu kwa sababu ya nembo yake, iliishia macOS Monterey. Air za 2018 na 2019 zina kibodi ya aina ya kipepeo, iliyosumbua wateja hadi Apple ikakubali mwaka 2022 kulipa dola milioni 50 kumaliza kesi yake Marekani. Hizi ndizo MacBook za bei ya chini zinazovutia macho zaidi, na sishauri mwanafunzi yeyote anunue hata moja.

Jambo la mwisho kwenye ukaguzi ni kazi yenyewe. Mwanafunzi wa uhandisi wa MUST akihitaji SolidWorks, haitakaa kwenye MacBook. Programu hiyo ni ya Windows. Mhasibu wa duka la pembejeo Mafinga au Makambako anayetumia Tally, vivyo hivyo. Mwalimu mtarajiwa wa Mkwawa anayeandika, anayetafiti mtandaoni na kuandaa masomo, MacBook itamtosha kabisa. Akumbuke kwamba Air ya M1 ina matundu mawili tu ya USB-C. Flashi na projekta vitahitaji adapta, na adapta nayo inaingia kwenye bei. Faida yake moja isiyotajwa sana katika mikoa yenye vumbi ni kwamba haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi la kiangazi ndani.

Igawe kwa miaka

Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipandishwa kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025. Kompyuta ya 640,000 imezidi mshahara huo wa mwezi mzima. Kitu cha thamani hiyo kipimwe kwa muda kitakaotumika, na hapa ndipo bei za dukani hubadilika sura.

Chukua tena mifano ya kufundishia. HP mpya ya RAM GB 4 na eMMC GB 64 kwa 550,000, ikikulazimu kuibadilisha baada ya mwaka mmoja na nusu, imekugharimu karibu 367,000 kwa mwaka. EliteBook 840 G5 ya 640,000, ukiiongezea betri na RAM kwa 110,000 na kuitumia miaka mitatu, ni 250,000 kwa mwaka. MacBook Air ya M1 iliyotumika, ukiinunua 1,300,000, ukaitumia miaka minne na kuiuza 500,000, ni 200,000 kwa mwaka. Ile iliyoonekana nafuu kuliko zote imekuwa ya ghali kuliko zote, na iliyoonekana anasa imekuwa ya chini.

Lakini usiikimbilie MacBook kabla hujaweka ajali kwenye hesabu. Ikianguka mara moja na kioo kikakugharimu 600,000, ile 200,000 inakuwa 350,000 kwa mwaka, na huenda ukalazimika kuipeleka Dar es Salaam kwa fundi mwenye vifaa vyake. Ubao mkuu ukifa, mafaili yamekwenda nao. Kwa EliteBook au ThinkPad, fundi wa Kabwe au wa Mshindo anaweza kuhamisha SSD kwenda mashine nyingine, na kioo cha kubadilisha hupatikana kwa kuvunja kompyuta nyingine iliyokufa. T480 hata betri yake ya nje unaichomoa kwa mkono. Uwezekano wa kutengenezewa karibu ni sehemu ya thamani, japo hauandikwi kwenye boksi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mwenye 600,000 hadi 800,000 anunue kompyuta ya ofisi iliyotumika, ya kizazi cha 8 au zaidi, yenye SSD na RAM ya GB 8 inayoweza kuongezwa. Aachane na mpya ya GB 4 hata kama ina stika za kiwandani. Mwenye 1,300,000 na kuendelea, ambaye kazi yake inakubali Mac na ana mahali salama pa kuitunza, achukue Air ya M1 au ya kizazi kipya zaidi, iliyofutwa na kuanzishwa mbele yake. Aliye katikati, mwenye milioni moja, asijivute kwenda kwenye MacBook ya Intel kwa ajili ya nembo. Achukue ThinkPad au EliteBook ya kizazi kipya zaidi, na chenji anunulie diski ya nje ya kuhifadhia nakala za kazi zake.

Yeyote kati yao adai risiti ya EFD yenye jina la duka, na aombe namba ya utambulisho ya kompyuta iandikwe juu yake au kwenye karatasi ya waranti. Utakutana na anayesema bei ni nafuu zaidi "bila risiti". Unachopunguziwa hapo ni kodi ambayo hakuilipa, na unachopoteza ni ushahidi wako. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamlinda mnunuzi aliyeuziwa kitu kisichofaa kwa matumizi yake, na Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia, lakini bila karatasi ni neno lako na lake. Piga picha risiti hiyo siku hiyohiyo na umtumie mzazi au ndugu aliye nyumbani, kwa sababu maandishi ya risiti za mashine huweza kufutika kabla hata waranti haijaisha.